Maji Maangavu Yauapo Samaki wa Dhahabu

Samaki wa dhahabu aliyetiwa katika bakuli la kioo aweza kufa mnamo siku chache, hali maji yake bado ni maangavu. Wengi hudhani kuwa alikuwa mgonjwa au alikosa chakula. Mara nyingi chanzo ni amonia, ambayo samaki mwenyewe huitoa kwa matamvua yake, nayo haina rangi ya kumwonya mfugaji.

Katika bwawa, bakteria wa namna moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, yenye madhara madogo zaidi. Tangi jipya halina bakteria hao wa kutosha. Huchukua wiki nne hadi sita kuongezeka, na kwa hiyo yapasa tangi liandaliwe kwa kutiwa amonia kidogo kabla samaki hajanunuliwa. Makao yao makuu ni sponji ya chujio. Aioshaye kwa maji ya bomba yenye klorini huwaua walinzi wa samaki wake. Na aioshe katika maji yaliyotolewa tangini. (Mwalimu wa kemia atapenda kujua kwamba sumu ya amonia huzidi maji yanapoelekea ualkali na joto linapopanda.)

Wachina walikwisha kuwafuga samaki hawa kwa mapambo zama za ukoo wa Song, 960–1279. Mkia pacha hutokana na badiliko katika jeni iitwayo chordin. Ranchu wa Japani hana hata pezi la mgongoni. Urembo huo una gharama yake: mwili uliofupishwa huyabana matumbo na kibofu cha hewa, hata samaki akashindwa kuelea sawasawa. Kadhalika hana mfuko wa tumbo wa kuwekea chakula, hivyo apewe kidogo kidogo, na kiwe chakula kinachozama.

Lita moja ya maji ya nyuzi 20 za Selsiasi huweza kushika miligramu 9 hivi za oksijeni. Kwa nyuzi 30 hushika 7.5 tu. Mfugaji wa Mombasa au Dar es Salaam hana budi kutumia tangi pana, lita 75 au zaidi kwa samaki mmoja, mbali na jua, pamoja na pampu ya hewa. Samaki akionekana akihema juu ya maji alfajiri, badili kwanza sehemu ya maji kwa mengine yaliyoondolewa klorini, ndipo upime amonia.