Majibu ya kipimo cha hepesi: Tusikimbilie kutuhumiana

Zipo nyumba ambazo mgogoro huingia kwa karatasi. Chukua mfano wa mama ambaye mimba yake ya pili imeharibika. Ameambiwa akapime damu, na anarudi nyumbani na karatasi ya maabara yenye mistari mingi ya Kiingereza. Mstari mmoja unasema HSV IgM, na mbele yake majibu ni chanya. Hakuna aliyemfafanulia. Jioni mume anaisoma, anamuuliza jirani ambaye binamu yake ni muuza dawa, anaambiwa huo ni ugonjwa wa zinaa. Kabla ya wiki kwisha wazee wa pande mbili wameitwa kikaoni na neno talaka limeshatajwa.

Hatuandiki haya kumtetea aliyekosa. Tunaandika kwa sababu karatasi ile haisemi kile ambacho nyumba nzima imekwishaamini kuwa inasema.

Hepesi ni kirusi, na wapo wa aina mbili wanaofanana sana. Aina ya kwanza ndiyo ile inayoleta malengelenge madogo pembeni ya mdomo mtu anapopata homa au uchovu. Wengi wetu tuliipata utotoni, kwa kubusiwa na mama, shangazi au bibi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao bilioni 3.8 walio chini ya umri wa miaka 50 wanayo, yaani karibu watu 64 katika kila 100. Aina ya pili huleta malengelenge na vidonda sehemu za siri, na kwa kawaida hupatikana kwa kujamiiana. Wenye aina hiyo wanakadiriwa kuwa milioni 520 kati ya watu wa umri wa miaka 15 hadi 49. Aina ya kwanza nayo inaweza kufika sehemu za siri kupitia mdomo. Mkanda wa jeshi ni jambo jingine kabisa: unatokana na kirusi cha tetekuwanga, ingawa jina lake la kitaalamu lina neno herpes ndani yake na limewatia watu wengi hofu ya bure.

Kirusi kikishaingia hakitoki. Hujificha kwenye mishipa ya fahamu, na kwa watu wengi hukaa kimya kwa miaka bila kidonda chochote, au hutoa kipele kidogo ambacho mtu hukidhania kuwa ni mchubuko wa nguo.

Sasa turudi kwenye ile karatasi. Kipimo cha damu hakimtafuti kirusi mwenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili umewatengeneza kupambana naye. Askari hao wapo wa namna mbili zinazotajwa kwenye majibu, IgM na IgG. Zamani ilidhaniwa kuwa IgM huonekana pale tu maambukizi yanapokuwa mapya. Kwa hepesi dhana hiyo imeshindwa. IgM inaweza kuonekana kwa mtu ambaye kirusi chake cha miaka 20 kimeamka tu, inaweza kuonekana kwa mtu asiye na hepesi kabisa, na haitofautishi vizuri kirusi cha mdomoni na cha sehemu za siri. Ndiyo maana CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inasema wazi kuwa kipimo cha IgM kisitumike kwa hepesi. Hata hivyo bado kinauzwa, hasa ndani ya furushi la vipimo vya wajawazito liitwalo TORCH. Kwa mama aliyeharibikiwa mimba mfululizo, furushi hilo kwa kawaida halimsaidii daktari kupata sababu. Fedha inakwenda, na linalobaki ni ugomvi.

IgG ni afadhali, kwa sharti kwamba kipimo kiwe kinachotenganisha aina ya kwanza na ya pili. Karatasi ikiandika HSV 1 IgG chanya, basi umejiunga na wale bilioni 3.8, na hakuna la kumuuliza mwenzio. Ikiandika HSV 2 IgG chanya, usiangalie neno tu, angalia na namba iliyo pembeni yake. Katika vipimo vingi vinavyotumika, namba iliyozidi 1.1 huhesabiwa kuwa chanya. Lakini namba zilizo kati ya 1.1 na 3.0 mara nyingi huwa za uongo, na CDC inataka zithibitishwe kwa kipimo cha pili cha aina nyingine. Juni 2023 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliwaandikia watu wa maabara na madaktari kuwatahadharisha juu ya majibu haya ya uongo ya aina ya pili. Na kwetu Afrika tuna sababu ya ziada ya kuwa waangalifu, kwani utafiti uliofanywa Kisumu, Kenya, na sehemu nyingine za bara hili ulionyesha kuwa vipimo hivi hukosea zaidi kwa damu za watu wa huku.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme watu 1,000 wamepimwa, na walio na kirusi kweli ni 100. Tuseme pia kipimo kinawakosea watu 5 tu katika kila 100 wasionacho. Wasionacho ni 900, kwa hiyo 45 kati yao wataondoka na karatasi yenye neno chanya ilhali ni wazima. Kipimo kinaweza kusifiwa kuwa kizuri na bado kikavunja nyumba 45.

Kosa la upande wa pili nalo lipo. Mtu aliyeambukizwa wiki iliyopita anaweza kupimwa na kuambiwa hana, kwa kuwa askari wa IgG huchukua wiki kadhaa kujitokeza, na kwa baadhi ya watu hufika miezi mitatu au zaidi.

Kipimo chenye nguvu kuliko vyote hivi ni kuchukua majimaji ya kidonda chenyewe kwa kijiti cha pamba na kuyapima kwa njia iitwayo PCR, kikiwa bado kibichi, ikiwezekana ndani ya siku mbili tangu kitokee. Hapo anatafutwa kirusi, na aina yake hujulikana. Kidonda kikishakauka, majibu ya kwamba hakuna kitu hayana uzito mkubwa. Kwa hiyo mwenye kidonda asisubiri kipone ndipo aende, wala asikipake dawa za kienyeji kwanza. Aibu yetu hapa inatugharimu sana.

Wengi pia huchanganywa na ushauri. Zahanati ya kwanza imempiga mtu sindano za penisilini matakoni na kumpa vidonge vya asaikilovia. Daktari wa pili amesema huna haja ya kupima damu. Wa tatu ameagiza vipimo sita. Nani mkweli? Wa kwanza hakukosea: mahali pasipo na maabara, mwenye kidonda sehemu za siri hutibiwa kaswende na hepesi kwa pamoja, kwa sababu kaswende ikiachwa ina madhara makubwa. Zile sindano zilikuwa za kaswende. Antibaiotiki haimgusi kirusi wa hepesi, na asaikilovia hufupisha siku za maumivu lakini haimtoi mwilini. Wa pili naye ana hoja, kwani jopo la wataalamu wa kinga la Marekani lilirudia mwaka 2023 kuwa mtu asiye na dalili, hata akiwa mjamzito, asipimwe hepesi ya sehemu za siri kwa damu kama utaratibu wa kawaida. Huyo wa tatu, muulize kila kipimo kitabadili nini katika matibabu yako.

Sasa tuseme aina ya pili imethibitishwa kweli. Je, ni ushahidi wa zinaa? Kwa upande wa tiba jibu ni hapana. Hakuna kipimo cha damu kinachotaja tarehe wala jina. Mjane aliyeolewa tena anaweza kuwa alikipata kwa marehemu mumewe. Mwanamume aliyewahi kuoa na kuacha anaweza kuwa nacho tangu ndoa ya kwanza, akaishi na mke wa sasa miaka 10 bila kidonda, kisha kikajitokeza kwa mmoja wao. Katika nyumba za mitala njia ni nyingi zaidi, na zote za halali. Mmoja anaweza kuwa nacho na mwenzake asiwe nacho kwa miaka mingi. Tukumbuke pia kuwa Surat Nnur imeweka mashahidi wanne kwa anayemtuhumu mwanamke mtwaharifu, na mume asiye na mashahidi amewekewa utaratibu wake wa viapo. Karatasi ya maabara haimo. Ufafanuzi zaidi tunawaachia masheikh.

Aliyethibitishwa ana wajibu wa kumweleza mwenzi wake, na anayeposa au kuposwa vivyo hivyo. Pakiwa na vidonda, au mwasho na mchomo unaovitangulia, wasikutane mpaka ngozi ipone kabisa. Kondomu hupunguza hatari bila kuimaliza, na wanaoumwa mara kwa mara wamuulize daktari kuhusu dawa ya kila siku. Aidha wapime Ukimwi wote wawili, kwa sababu hepesi ya aina ya pili huongeza hatari ya kuambukizwa virusi vya Ukimwi kwa takriban mara tatu.

Hakuna haja ya kumtengea mgonjwa kopo la chooni, ndoo, taulo wala kitanda. Kirusi hiki hakidumu nje ya mwili, na hakiambukizwi kwa kukalia choo. Walio wa kulindwa hasa ni watoto wachanga, ambao hepesi inaweza kuwaua au kuwaharibu ubongo. Mjamzito aliyewahi kupata vidonda amwambie mkunga mapema. Vikiwapo siku ya uchungu, huenda akahitaji kujifungua kwa upasuaji. Hatari kubwa zaidi ni kwa anayeambukizwa katika miezi ya mwisho ya mimba, hivyo mume mwenye vidonda ajizuie hasa wakati huo.

Na anapozaliwa mtoto, mwenye malengelenge mdomoni asimbusu wala asimfanyie tahnik, hata akiwa ndiye babu anayeheshimiwa kuliko wote. Tende atafune mwingine.