Je, wajua kwa nini kasuku hujinyonyoa?

Kasuku kijivu akianza kubaki ngozi tupu, mtazame kichwa kwanza. Ikiwa kichwa kina manyoya yake yote huku kifua, tumbo na mapaja yako wazi, aliyeyang'oa ni yeye mwenyewe, kwa kuwa mdomo wake hufika karibu kila pahali pa mwili isipokuwa hapo. Kichwa kikiwa na kipara, mshukiwa ni mwingine: mwenzake wa tundu moja, au maradhi. Ukaguzi huo hauhitaji daktari wala senti moja, na hupunguza nusu ya maswali.

Wengi hawaufanyi. Hukimbilia dawa ya wadudu. Chukua tundu lililotundikwa barazani mwa nyumba ya Mutakura, kaskazini mwa Bujumbura: kuku wanapita chini, jiko la makaa linafuka pembeni, na ndege amewekwa pale ili asikie maneno ya watu na kuyarudia. Katika mazingira hayo utitiri wa kuku ni mshukiwa wa kweli. Mchana hujificha kwenye nyufa za mbao, usiku hutoka kunyonya damu, na alfajiri huwa umekwisha kurudi mafichoni. Ndiyo maana ukimkagua ndege saa sita mchana huoni kitu. Lifunike tundu kwa kitambaa cheupe usiku kucha, na asubuhi tafuta vinukta vyekundu vinavyotembea. Visipoonekana, acha dawa ya kupulizia. Sumu iliyotengenezwa kwa ajili ya mende au kupe wa ng'ombe yaweza kumuua ndege mwenye uzito wa gramu 400 tu.

Kubadilisha manyoya nako huwatia watu hofu bure. Kila ndege hupukutisha manyoya makuukuu na kuotesha mapya, kwa kawaida mara moja kwa mwaka, lakini kidogo kidogo na kwa mpangilio: bawa la kushoto na la kulia huenda sambamba, na ngozi haionekani. Kokatieli, kasuku mdogo wa Australia mwenye kishungi anayefugwa sana Ulaya na Marekani, ana kisa chake cha pekee. Wale wa rangi nyeupe na manjano, aina iliyojitokeza Florida mwaka 1958, mara nyingi huwa na kipara nyuma ya kishungi tangu utotoni. Ni urithi wa ukoo wao. Hakuna dawa, wala hawahitaji dawa.

Mshukiwa wa kutisha ni kirusi. Ugonjwa wa mdomo na manyoya ya kasuku ulielezwa na wataalamu wa Australia katika miaka ya 1970, na baadaye ikajulikana kwamba huletwa na sirkovirusi, jamii ya virusi vidogo mno: maelekezo yake yote ya urithi ni duara moja lenye herufi takriban 2,000. Kirusi hicho hushambulia kijishimo ambamo unyoya huota. Unyoya mpya hutoka umejikunja, umebanwa shinani, au una damu iliyoganda ndani ya kikonyo, na kichwa hakisalimiki. Kwa kasuku kijivu huweza kutokea dalili nyingine ya ajabu: manyoya mekundu, ambayo kwa kawaida yako mkiani tu, huchipuka kifuani au mgongoni. Makinda mara nyingi hufa hata kabla ya kunyonyoka, maana kinga ya mwili ndiyo inayoangushwa kwanza. Ugonjwa huu hauna tiba. Huenea kwa vumbi la manyoya na kwa kinyesi, na kirusi hudumu muda mrefu katika tundu lisilosafishwa. Afrika nako kimo. Kimepatikana kwa kasuku wa porini wa Afrika Kusini na wa Zambia.

Kwa ndege aliyetoka msituni, manyoya huanza kupotea siku ile ile ya kukamatwa. Makazi ya kasuku kijivu ni misitu inayotoka Afrika Magharibi, ikapita Kongo, hadi Uganda na msitu wa Kakamega nchini Kenya. Wawindaji wa Kongo huwanasa kwa ulimbo: matawi hupakwa gundi, ndege mmoja hufungwa hapo awaite wenzake, na kundi likitua halitoki. Kisha mabawa hukatwa wasiruke. Unyoya uliong'olewa pamoja na shina lake huota tena baada ya wiki kadhaa, lakini uliokatwa hubaki kisiki mpaka msimu wa kupukutika ufike. Kituo cha Lwiro, si mbali na Bukavu, kilichoanzishwa mwaka 2002 kwa ajili ya sokwe na nyani yatima, hupokea pia kasuku waliotwaliwa kwa wafanyabiashara. Kumrudisha ndege wa namna hiyo porini ni kungoja kwanza mabawa.

Inabaki hali inayowakatisha watu tamaa zaidi: ndege asiye na utitiri wala kirusi, na bado anajinyonyoa. Inakadiriwa kuwa takriban kasuku mmoja kati ya kumi wanaofugwa hufanya hivyo, na kasuku kijivu wako mstari wa mbele. Porini tabia hii haijulikani. Huko hulala kwa mamia katika miti ya pamoja, hutoka alfajiri, huruka mbali kutafuta matunda, na kwa saa nyingi mdomo unapasua, unamenya, unachokonoa. Tunduni chakula kimo bakulini, kinaliwa kwa dakika chache, na kutwa iliyobaki mdomo huo hauna cha kumenya ila mwili wa mwenyewe.

Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha matokeo ya jaribio lao kwa kasuku wa Amazoni. Waliofichiwa chakula ndani ya vitu vya kutoboa na kufungua, wakapewa na vya kupanda na kutafuna, walibaki na manyoya mazuri. Waliokaa katika matundu matupu walijinyonyoa. Na walipopewa vitu vile vile, hali yao ikaanza kutengemaa. Akili ndiyo inayowaponza ndege hawa. Alex, kasuku kijivu aliyefundishwa Marekani na mtafiti Irene Pepperberg kwa miaka 30 hadi alipokufa mwaka 2007, alitaja rangi na maumbo na kuhesabu hadi sita. Kumwacha kiumbe wa akili hiyo peke yake kutwa nzima ni kumtesa, hata kama anayemwacha anampenda.

Chakula nacho kimo. Mkate na alizeti havina vitamini A ya kutosha, na ngozi inayoikosa hukauka na kuwasha. Porini kasuku kijivu hupenda mno tunda la mchikichi, lenye karotini tele, na mkazi wa Bujumbura ana bahati, kwani michikichi imejaa Rumonge, kusini kando ya Ziwa Tanganyika. Mpe chikichi nzima aimenye mwenyewe. Lengalenga, karoti na papai vinamfaa. Parachichi, lililo tele Burundi, ni sumu kwake. Mnyunyizie maji kama mvua mara kadhaa kwa wiki, apate jua la asubuhi, na tundu liondoke kwenye moshi wa makaa. Haya yafanywe mapema. Ndege akijing'oa kwa miaka mingi, vijishimo vya manyoya huharibika na palipo uchi hubaki uchi.

Mwaka 2016, mjini Johannesburg, nchi wanachama wa CITES, mkataba unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku kijivu wa porini, na marufuku hiyo ikaanza Januari 2017. Wakati huo watafiti walikwisha kuonyesha kwamba nchini Ghana wamepungua kwa asilimia 90 hadi 99 tangu mwaka 1992. Kwa hiyo wewe ambaye kasuku wako anajinyonyoa, usimtafutie mwenzake kutoka Kongo, ng'ambo ya mto Rusizi. Huyo mgeni anaweza kuja na kirusi, na kukamatwa kwake kutakuwa kumelipunguza kundi jingine msituni. Mpe huyu uliye naye kazi ya mdomo, na ukae naye.