Sauna ya infraredi nyumbani: kati ya faida za kweli na ahadi za wauzaji

Ni kisanduku cha mbao chenye kimo cha mtu, mlango wa kioo, benchi moja ndani na mabamba ya umeme yanayotoa joto ukutani. Hiyo ndiyo sauna ya infraredi, kifaa ambacho familia nyingi za Ulaya na Marekani zinaweka leo sebuleni ao karibu na bafu. Cha mtu mmoja kinaanzia karibu dola 1000 za kimarekani, na kikubwa kinapita dola 5000. Wauzaji wanaahidi mengi: kushusha shinikizo la damu, ambalo wengi huita tansio, kutoa sumu mwilini, kupunguza uzito, kutuliza maumivu, hata kurefusha maisha. Matangazo hayo hayajui mipaka ya inchi. Yanafika kwenye simu yoyote yenye intaneti. Lakini ahadi hizo hazina uzito sawa.

Utafiti unaotajwa sana na wauzaji ulifanyika Kuopio, mji wa mashariki mwa Finland. Wanaume 2315 wenye umri wa miaka 42 hadi 60 walifuatiliwa kwa muda wa karibu miaka 20. Matokeo yalitolewa kunako mwaka wa 2015: wale walioingia sauna mara 4 hadi 7 kwa juma walikuwa na hatari ya kufa ghafla kwa ugonjwa wa moyo iliyo chini kwa asilimia 63, wakilinganishwa na walioingia mara moja tu.

Namba hiyo ni ya kweli. Shida ni kwamba hakuna hata mmoja kati yao aliyepimwa akiwa ndani ya kisanduku cha infraredi. Walitumia sauna ya Kifini: chumba chenye jiko na mawe ya moto yanayomwagiwa maji, na hewa inayofikia karibu nyuzi 80 za selsiasi. Finland ina wakaaji milioni 5 na nusu na sauna karibu milioni 3, na kunako mwaka wa 2020 UNESCO iliandika desturi hiyo kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Wakimbizi Wakongomani waliopewa makao kule wanaifahamu: majengo mengi ya kupanga yana sauna ya pamoja, na familia inapewa saa yake kwa juma. Jambo lingine, utafiti wa Kuopio uliangalia tu maisha ya watu. Haukuwagawa kwa kura ili kulinganisha. Mtu mwenye nguvu anaweza kuingia sauna kila siku kwa sababu tayari ana afya, na mgonjwa akabaki nje.

Infraredi inafanya kazi kwa njia nyingine. Haichemshi hewa kwanza. Miale yake, isiyoonekana kwa macho, inapiga ngozi moja kwa moja, kama joto la makaa linavyohisiwa usoni hata wakati wa baridi. Chumba kinabaki kati ya nyuzi 45 na 65, na ndiyo sababu watu wasiovumilia joto kali wanakipenda. Wauzaji wengine wanasema miale hiyo inaingia hadi ndani ya misuli na viungo. Si hivyo: ile inayotumiwa katika vifaa vingi inaishia kwenye tabaka la juu la ngozi, kisha damu ndiyo inayosafirisha joto. Wazo lenyewe si jipya. John Harvey Kellogg, daktari wa Marekani ambaye jina lake linajulikana leo kwa vyakula vya asubuhi, alikuwa akiwaketisha wagonjwa ndani ya masanduku yaliyojaa taa za umeme mwishoni mwa karne ya 19.

Ushahidi mzuri zaidi wa infraredi unatoka Japani. Profesa Chuwa Tei aliunda matibabu yanayoitwa Waon kwa wagonjwa wenye moyo dhaifu: dakika 15 ndani ya chumba cha nyuzi 60, kisha dakika 30 wakipumzika wamefunikwa blanketi. Kunako mwaka wa 2016, matokeo ya majaribio yaliyofanyika katika hospitali kadhaa kwa wagonjwa 149 yalitangazwa. Walioingia joto waliweza kutembea mbali zaidi na dalili zao zilipungua. Lakini katika kipimo kikuu cha damu kilichochaguliwa tangu mwanzo, tofauti kati ya makundi mawili haikuwa ya kutosha. Pia, wagonjwa hao walikuwa hospitalini, dawa zao zikiendelea na madaktari wakiwa karibu. Hawakuwa peke yao nyumbani usiku.

Kwa maumivu ya viungo, Waholanzi walijaribu infraredi kwa wagonjwa 34, mara 8 kwa majuma 4, na kutoa matokeo kunako mwaka wa 2009. Maumivu na ugumu wa viungo vilipungua wakati wa joto, na hakuna aliyedhurika. Baadaye nafuu hiyo haikudumu sana. Kwa mtu anayeamka kila asubuhi vidole vimekakamaa, hata nafuu ya saa chache si kitu cha kudharau, lakini haistahili kuitwa uponyaji.

Pigo kubwa kwa matangazo lilitoka chuo kikuu cha Oregon, Marekani, kunako mwaka wa 2025. Watu 20 wenye afya walijaribiwa kwa njia tatu: kukaa ndani ya maji ya moto ya nyuzi 40 na nusu, sauna ya kawaida, na sauna ya infraredi. Maji yalipandisha joto la ndani ya mwili kwa zaidi ya nyuzi 1, sauna ya kawaida chini ya nusu ya hapo. Infraredi haikulipandisha karibu hata kidogo, ingawa watu walitoka jasho. Ni kusema, beseni kubwa la maji ya moto lilifanya kazi zaidi ya kisanduku cha maelfu ya dola.

Kuhusu sumu, jasho ni maji na chumvi karibu lote. Kazi ya kusafisha mwili ni ya ini na figo. Uzito unaopungua kwenye mizani ni maji, na unarudi baada ya kunywa.

Hapa Kongo, joto la tiba si jambo geni. Wakati wa Covid-19 watu wengi walijifukiza chini ya blanketi na mvuke wa majani ya mkaratusi. Wengine wanafanya hivyo pia kwa homa, na hapo ndipo hatari ilipo: malaria haitoki kwa jasho. Mwenye homa anahitaji kipimo na dawa haraka, na kuongeza joto kwenye mwili unaochemka tayari kunaweza kumletea mgonjwa kizunguzungu na upungufu wa maji. Watu wenye ugonjwa wa selimundu, wanaojulikana kwa wengi kama SS, wana sababu zaidi ya kujihadhari, kwani kukaukiwa na maji kunaweza kuamsha maumivu makali.

Mwanamke mwenye mimba, mtu aliyepata shambulio la moyo karibuni, na mwenye kumeza dawa za tansio ao za kukojoza wanapaswa kuuliza daktari kabla ya kuingia sauna yoyote. Dawa za tansio zisiachwe kwa sababu ya kisanduku cha joto. Kwa mtu mwenye afya anayekutana nacho kwenye nyumba ya ndugu Ulaya, dakika 10 hadi 15 zinatosha kwa mara ya kwanza, maji ya kunywa yakiwa karibu, bila pombe, na mtu mwingine akiwa nyumbani.