Kompyuta 'imeganda' ikihifadhi faili? Usiizime kwanza

Karani wa ghala la mahindi mjini Songea amemaliza kuingiza uzito wa magunia ya siku nzima. Anabonyeza kuhifadhi. Kimya, alama ya kusubiri inazunguka tu. Mtandao umekata. Wengi hapo huzima na kuwasha upya, na kazi ya siku inapotea.

Kumbe mara nyingi mashine haijaganda. Inarudia kutuma.

Ofisi nyingi huweka mafaili kwenye seva moja, kompyuta nyingine zikayatumia kupitia mtandao. Utaratibu mmoja wa kazi hiyo ni NFS, uliobuniwa na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani miaka ya 1980. Kompyuta inatuma ombi, seva inajibu "tayari". Jibu lisipofika kwa muda uliowekwa, ombi linatumwa tena.

Shida ni kwamba kompyuta haiwezi kujua kilichopotea ni ombi au ni jibu. Kama ni jibu, seva ilishafanya kazi na sasa inaambiwa ifanye tena.

Kuandika kitu kilekile mahali palepale mara mbili hakuna madhara. Kufuta ni habari nyingine: ombi la kwanza linafuta faili, jibu linapotea njiani, ombi la pili linarudi na taarifa kwamba faili halipo. Karani anauliza nani kafuta. Ni yeye mwenyewe!

Ndiyo maana kila ombi lina namba, na likirudiwa linabaki na namba ileile. Seva hutunza majibu ya karibuni. Ikiona namba iliyokwisha kuifanyia kazi, inatoa jibu lilelile bila kurudia kazi. Ni kama wakala wa pesa anayeangalia namba ya muamala kabla ya kutoa hela mara ya pili. Kasoro ni kwamba seva ikizimika, kumbukumbu hiyo inaweza kufutika. Toleo la 4.1, lililotoka 2010, liliimarisha sehemu hiyo.

Fundi anayefunga mfumo huamua pia kama kompyuta irudie bila kukoma au ikate tamaa baada ya majaribio kadhaa. Kukata tamaa kunapendeza kwa kuwa skrini haigandi, lakini programu iliyotengenezwa vibaya inaweza kuendelea kana kwamba faili limehifadhiwa. Kwa rekodi za malipo ya wakulima, bora igande.

Seva ikiwa mbali, kusubiri kunaweza kuwa kurefu. Mei 12, 2024, hitilafu kwenye nyaya za baharini za EASSy na Seacom ilivuruga intaneti nchini. Lakini ofisini, mara nyingi ni waya uliochomoka au swichi iliyozimika. Karani aanzie hapo. Rekodi zake bado zimo kwenye kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na mtandao ukirudi zitakwenda zenyewe. Akizima, hakuna tena cha kutuma.