Maji ya Harra

Wenye mashamba jirani hugombana kwa mpaka, kwa kivuli, na zaidi kwa maji. Na aghalabu neno chungu hudumu kuliko jambo lililowagombanisha. Na tuitazame kesi moja iliyomo katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim.

Zubeir bin Awwam, mwana wa Safia shangazi yake Mtume (s.a.w.), alikuwa na mitende Madina, kando ya mfereji uletao maji ya mvua kutoka Harra, nchi ya mawe meusi. Jirani yake wa chini, Ansari, alitaka maji yaachwe yapite. Walipofika mbele ya Mtume, alimwambia Zubeir anyweshe kisha ampelekee jirani yake. Hukumu hiyo ilikuwa ya suluhu: mwenye haki ya kutangulia aliombwa asitimize haki yake yote.

Ansari akaghadhibika, akadai kwamba Zubeir amependelewa kwa kuwa ni mwana wa shangazi! Uso wa Mtume ukabadilika. Akamwamuru Zubeir ayazuie maji mpaka yafike kwenye kingo za shamba, ndipo ayaachilie. Tuangalie vyema: hata katika ghadhabu hakumzidishia Zubeir juu ya haki yake, kilichoondoka ni ile hisani, aliyoipoteza jirani kwa ulimi wake. Zubeir alidhani aya ya 65 ya Suratun Nisaa ilishuka kwa jambo hilo. Jina la Ansari halikutajwa katika mapokezi hayo, nasi twaona ni adabu njema. Baadaye watu walikikadiria kiasi kile cha maji, wakaona hufika vifundoni mwa miguu.