Motisha ya Mchuma Chai

Katika mashamba ya chai ya Kericho na Bomet, ambako mchumaji hulipwa kwa kilo, hudhihirika kile wanasaikolojia wanachokiita motisha ya nje, yaani msukumo utokanao na malipo au adhabu. Msukumo huo huharakisha mikono, lakini mizani pekee haionyeshi kama kilichochumwa ni majani mawili na chipukizi, hivyo ubora hutegemea pia motisha ya ndani, yaani ari izaliwayo na umahiri na kuthaminiwa. Ari hiyo ya ndani yaweza hata kufifishwa na malipo: mwaka 1971, mwanasaikolojia Edward Deci wa Marekani alionyesha kwamba wanafunzi waliolipwa kutatua mafumbo walipungukiwa na hamu nayo malipo yalipokoma. Wasimamizi, basi, wamlipe mchumaji kwa haki, wamfundishe kwa subira na waithamini kazi yake.