Mara Moja Tu: Neno "Ephapax" na Sadaka ya Misa Takatifu



Wakatoliki wengi wamewahi kuulizwa na ndugu wa madhehebu mengine: "Biblia inasema Kristo alijitoa mara moja tu. Mbona ninyi mnatoa sadaka kila siku altareni?" Swali hili ni la haki, wala tusilikwepe. Jibu lake limo katika neno lenyewe alilolitumia mwandishi wa Waraka kwa Waebrania.

Katika Kiswahili, "mara moja" huweza kumaanisha upesi, kama mzazi amwitapo mtoto aje mara moja. Huweza pia kuwa hesabu isiyokataza mara ya pili: aliyefika Roma mara moja aweza kwenda tena. Ndiyo maana wafasiri wa Biblia wameongeza neno "tu". Kiyunani kina hapax, yaani mara moja, na pia ephapax, neno lenye uzito zaidi. Neno hili la pili latokea mara tano katika Agano Jipya. Katika 1Kor 15:6 lamaanisha "kwa wakati mmoja", pale Bwana mfufuka alipowatokea ndugu zaidi ya 500. Katika Rum 6:10, na mara tatu katika Waebrania (7:27; 9:12; 10:10), lamaanisha mara moja kwa daima, jambo lililotimia lisilohitaji kurudiwa.

Tulinganishe aya mbili. Ebr 9:7 yasema kuhani mkuu aliingia Patakatifu pa Patakatifu mara moja kwa mwaka, akichukua damu ya wanyama. Neno hapo ni hapax, na mwaka uliofuata aliingia tena. Aya tano mbele twasoma kwamba Kristo aliingia kwa damu yake mwenyewe, akatupatia ukombozi wa milele. Hapo neno ni ephapax. Tena sura ya 10 yaonyesha makuhani wa kale wakisimama kila siku kutoa sadaka zilezile, lakini Kristo, akiisha kujitoa, aliketi kuume kwa Mungu. Aliketi kwa kuwa sadaka yake imekamilika.

Je, Misa yapingana na neno hilo? Mtakatifu Yohane Krisostomo, aliyefariki mwaka 407, alikutana na swali hilohilo alipoufafanua Waraka huu. Alifundisha kwamba twatoa kila siku, lakini sadaka ni moja, kwa maana hatutoi leo mwanakondoo huyu na kesho mwingine, bali daima ni yuleyule. Mwaka 1562 Mtaguso wa Trento ulifundisha kwamba anayetolewa altareni ni yuleyule aliyejitoa msalabani, na anayetoa ni yuleyule kwa huduma ya mapadre. Namna ya kutoa tu ndiyo tofauti, kwani altareni hakuna kumwaga damu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki yarudia mafundisho hayo (na. 1366-1367).

Kwa hiyo Kristo hafi tena. Misa ni ukumbusho, lakini si kumbukumbu kama ya picha ukutani. Katika Pasaka ya Wayahudi, baba alimweleza mwanawe yale Bwana aliyomtendea yeye mwenyewe alipotoka Misri (Kut 13:8), hata kama alizaliwa miaka mingi baadaye. Vivyo hivyo, katika Misa sadaka moja ya Kalvari hufanywa iwepo mbele yetu, nasi twashirikishwa matunda yake. Tunapoomba Misa nyingi kwa ajili ya marehemu wetu, hatuongezi kitu kilichopungua msalabani. Kisima kimejaa, sisi ndio turudio kuchota.

Neno hili latudai jambo zito pia. Wapo miongoni mwetu wanaopokea Ekaristi Jumapili, na ugonjwa au mkosi unapoingia nyumbani huenda kwa mganga kutoa kafara ya kuku au mbuzi. Hofu yao twaielewa, maana mtoto akiugua mzazi hulala macho. Lakini kafara hiyo, ambayo kesho itadaiwa nyingine, yaturudisha kwenye damu isiyotosha, kana kwamba damu ya Kristo ilipungukiwa. Mgonjwa apelekwe hospitali, padre aitwe kwa Mpako wa Wagonjwa, na jumuiya ndogo ndogo ikusanyike kusali naye. Aliyekwisha kutoa kafara asikate tamaa, bali akimbilie Sakramenti ya Kitubio.

Basi, tukiulizwa tena, tujibu kwa upole: "Ni kweli, Kristo alijitoa mara moja tu. Ndiyo maana hatuna sadaka nyingine. Kila siku twaijongea ileile."